Sauti Kumi na Saba

Inspekta Émérence Ngoy hakuwapenda mashahidi wanaokubaliana. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, mingi yake kule Kabalo kwenye makutano ya reli, alikuwa hajakutana na watu watatu walioona jambo moja wakalieleza namna moja. Mmoja atasema shati jeupe, mwingine atasema la kijivu, wa tatu atasema huyo mtu hakuwa na shati kabisa. Hapo ndipo upelelezi unapoanza. Lakini asubuhi hiyo ya Jumatano msaidizi wake, Célestin, alimwekea mezani faili lenye mashahidi kumi na saba, na wote walikuwa wamesema maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Walikuwa wamemwona Moustapha, fundi wa moteri za boti. Walimwona Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye daraja la Lukuga, amevaa koti la mvua la njano, akisukuma mkokoteni wenye mzigo uliofunikwa kitenge cha bluu. Kilichokuwa chini ya kitenge, mji mzima wa Kalemie ulikwisha kukiamua: moteri ya boti ya wamama, iliyoibwa usiku ule. Wanawake wauza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, walikuwa wamechanga miaka miwili kuinunua, na boti hiyo ndiyo iliyowaleta hospitalini wagonjwa na wajawazito wa vijiji vya pwani. Vijana wa Kituku, ufukwe ambako boti hiyo hulala, walikuwa wametangaza watakachomfanyia Moustapha wakimkuta njiani. Hawakuficha wala hawakupunguza maneno.

Célestin alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Alisema kilichobaki ni saini tu, kwa sababu faili lilipaswa kufika kwa mwendesha mashtaka saa tisa alasiri. Likifika huko, Moustapha angetolewa kasho ya polisi, mahabusu alimokuwa tangu Jumatatu, na kupelekwa gerezani, na gerezani kulikuwa na watu waliomsubiri hakimu tangu mwaka juzi. Émérence aliijua orodha yao. Alifunua kalamu, kisha akaifunika tena.

Aliuliza mashahidi hawa wamepatikanaje. Célestin akaeleza kwamba wote ni watu wa kundi la WhatsApp linaloitwa Jicho la Ziwa, lenye wanachama zaidi ya mia mbili kuanzia Mutoa upande wa kaskazini hadi Moba kusini. Kila mmoja wao alikuwa ametuma ujumbe wa sauti Jumatatu asubuhi. Tisa waliokuwa mjini aliwaita, wakakubali kwamba sauti ni zao, wakatia saini. Wanane wa mbali, ambao alidhani walikuwa mjini Jumatatu, alizungumza nao kwa simu.

Inspekta alipitisha kidole kwenye majina. Kwenye jina la kumi na moja kidole kikasimama.

"Mwanne Hamidi. Si njo muke ya Moustapha?"

"Njo yeye," alisema Célestin. "Jumatatu alisema amemuona na macho yake. Jana akakuya hapa kulia, ati bwana alikuwa kitandani mupaka jua kupanda. Ule mwanamuke ni muongo, Mama Inspekta. Alimuchongea, sasa roho inamusuta."

Lilikuwa wazo la maana, na Émérence hakulidharau. Alikuwa amewahi kuona wake wakiwachongea waume zao polisi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Akaagiza Mwanne aingizwe.

Mwanne alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wa zile familia za Kiislamu zilizofanya biashara ziwani tangu enzi za mababu, na alijulikana sokoni kwa kupima ndagala bila kumwibia mtu. Macho yalikuwa yamevimba. Inspekta hakumpa pole. Aliweka simu ya Célestin mezani, akaifungua sauti ya kumi na moja, na wote watatu wakasikiliza daraja, koti la njano, mkokoteni, kitenge cha bluu na jina la Moustapha.

"Ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Ulimuona darajani?"

"Hapana, Mama. Alikuwa analala. Nilikuwa naona mugongo yake."

"Basi hapa unasema nini?"

"Sikusema, Mama. Nilirudisha."

Célestin alicheka kidogo, na Inspekta akamtazama mpaka akaacha. Kisha akamwomba Mwanne aeleze kurudisha ni nini, polepole, kama anamweleza mgeni. Na kweli alikuwa mgeni, kwa sababu mtu wa reli hajui mambo ya ziwa, na Célestin, mzaliwa wa Nyunzu, mbali na maji, aliyajua machache kuliko yeye.

Maelezo yalikuwa marefu, lakini yalikuwa safi. Pwani ile mtandao hufika kijiji hiki ukaruka kile, na wamama wengi hawasomi. Kwa hiyo tahadhari ikiingia kwenye kundi, anayeipata kwanza huisema upya kwa sauti yake mwenyewe, na anayefuata naye hivyo hivyo, ili wanaomjua waiamini na waliopitwa na ile ya kwanza waipate ya pili au ya tano. Sheria ni moja: usiongeze, usipunguze. Aliyeanza akisema nimeona, nawe utasema nimeona. Zamani watu walikuwa wakirekebisha kidogo, na siku moja boti iliyokwama mbele ya Rutuku ilitafutwa mbele ya Moba kwa sababu mtu wa nne alitia neno lake. Tangu hapo kila mtu hurudisha kama alivyopokea. Kwa njia hiyo mwaka uliopita waliwapata abiria ishirini na watatu waliopotea kwenye upepo, kwa muda wa saa mbili tu, na hata gavana aliwasifu.

 Émérence alikuwa na faili lenye mashahidi kumi na saba, na huenda ndani yake hamkuwa na zaidi ya mmoja.

"Lakini ulitia saini," alisema Célestin, na sauti yake haikuwa na furaha tena.

"Uliniuliza kama sauti ni yangu, nikasema ndiyo," alisema Mwanne. "Ukaniambia weka saini. Hukuniuliza kama niliona."

Célestin aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake. Inspekta hakuwa na muda wa kumkemea, ingawa hamu alikuwa nayo. Alibaki na swali moja, na aliuliza bila ukali: aliposikia jina la mume wake mwenyewe, alilirudishaje?

 Mwanne alisema alishika simu karibu dakika kumi. Alama za bluu zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba ameisikia, na kundi lote lilikuwa linamngoja. Asingerudisha, wangesema anamfichia bwana. Aliona heri arudishe, kisha amwulize Moustapha akiamka, wacheke pamoja, na mambo yarekebishwe. Polisi walifika kabla ya chai.

Inspekta alimtoa nje, akachukua karatasi nyeupe, akazipanga sauti zote kwa saa zilivyoingia. Mwanzoni mwa mstari kulikuwa na sauti moja isiyorudisha ya mtu mwingine: ya Jovial, sentinele, yaani mlinzi, wa boti ya wamama, iliyoingia 05:52. Katika maelezo yake Jovial alisema alilala ndani ya boti pale Kituku, akatoka kidogo kwenda kutafuta sigara ng'ambo ya daraja, akakutana na Moustapha, akarudi na kukuta moteri haipo. Hapo akatoa tahadhari akiwa kando ya boti, na hakutoka pwani mpaka mchana. Ilikuwa hadithi iliyokaa vizuri. Émérence hakuipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Alikwenda Kituku kwa miguu, Célestin nyuma yake, hadi kwenye duka la nyavu la Papa Edouard, mkuu wa kamati ya boti. Émérence alimtilia shaka huyu naye, na alikuwa na sababu. Mwezi uliopita, mbele ya wanachama wote, Moustapha alisema kwamba mafuta anayoleta Edouard yanaua moteri. Mzee mwenye cheo hasahau jambo la namna hiyo. Tena Edouard ndiye aliyekimbia wa kwanza kituoni kutaka fundi akamatwe.

Papa Edouard aliwapokea kwa adabu nyingi mno. Kabla hajaulizwa, alitoa simu yake kuonyesha kwamba alifanya kazi ya kamati ipasavyo. Kulikuwa na picha ya skrini yenye ile tahadhari ya Jovial, ambayo alisema aliihifadhi kama ushahidi. Inspekta aliitazama kwa heshima, kwa kuwa aliombwa aitazame. Akaitazama tena. Ndani ya picha, ujumbe ulionyesha 06:52.

Akamwomba Edouard afungue kundi lenyewe kwenye simu ile ile. Humo, ujumbe ule ule ulionyesha 05:52.

"Papa Edouard, hii picha ilitoka ku simu gani?"

Mzee akasema hakuelewa. Émérence alielewa vizuri sana, kwa sababu kila mtu wa Kalemie anayenunua kitu Kigoma anajua kwamba ng'ambo wako mbele kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa Tanzania husogeza saa yenyewe, bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na picha ya skrini hubaki na saa iliyopigiwa. Aliyepiga picha ile alikuwa kwenye mtandao wa Kigoma. Na Edouard huenda Kigoma kununua nyavu, ana laini ya huko, na inasemekana ana simu ya pili.

Ile simu ya pili alimtaka aitoe. Edouard alikasirika, akataja umri wake na wakubwa anaowajua, kisha akafungua sanduku. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, isiyojua WhatsApp wala picha. Célestin aliigeuzageuza kama anayetafuta mlango wa siri. Hapakuwa na kitu, na Inspekta alilazimika kuomba radhi, kazi aliyoifanya kwa maneno machache kadiri ilivyowezekana.

"Hii picha alinitumia Jovial," alisema Papa Edouard, bado amenuna. "Kunionyesha ya kama ameisha julisha batu. Tazama mwenyewe."

Alitazama. Picha ilikuwa imeingia kutoka kwa Jovial, 05:56 kwa saa ya Kalemie.

Aliwauliza waendesha boti watatu pale ufukweni, kila mmoja peke yake, mtandao wa Kigoma unashikwa wapi. Wa kwanza alisema haushikwi mjini hata ukipanda juu ya nyumba. Wa pili alisema unatoka mbele kabisa, vilima vya Kalemie vikianza kuwa vidogo nyuma yako. Wa tatu alisema inategemea simu, lakini si chini ya mwendo wa saa moja na nusu kwa moteri kubwa. Walitofautiana, na Inspekta akaridhika. Jovial hakuwa pwani saa ile. Alikuwa katikati ya ziwa, na akiwa huko alisema amemwona fundi darajani.

Lakini saa ya simu si moteri. Jovial angesema simu yake ina kichaa, na wakili yeyote angemwunga mkono. Ilikuwa saa tano na robo. Célestin alishauri waulize kundini mara moja, kwa kuwa macho mia mbili hayawezi kukosa kitu.

"Tukiuliza mu grupu, wa kwanza atajibu, na mia mbili watarudisha," alisema Inspekta. "Tena Jovial naye yuko ndani. Tutauliza mumoja mumoja."

Aliomba kwa Papa Edouard namba za wamama wanaoishi karibu kabisa na maji, arobaini na mbili kwa jumla, akakaa kwenye rundo la nyavu na kurekodi ujumbe mmoja. Aliutuma kwa kila mmoja peke yake. Aliwataka waseme walichokiona au kukisikia Jumatatu, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, kwa macho na masikio yao wenyewe. Wasimwulize jirani. Wasirudishe. Na kama hawakuona kitu, waseme hivyo bila aibu.

Majibu yalianza kuingia kabla hajafuta jasho. Ishirini na wanane hawakuona kitu, na sita kati yao walikuwa wamo kwenye faili la Célestin. Mmoja aliona mbwa wa jirani akiiba samaki na alitaka hatua zichukuliwe. Lakini mama mmoja wa Kituku alisikia moteri nzito ikiondoka kabla ya adhana ya alfajiri, akashangaa kwa sababu boti ya mizigo haikuwa na safari. Mwingine, ambaye mwanawe huvua mbali, alisema upepo ulichafuka kulipokucha na mitumbwi yote ikageuza. Hakuna aliyevuka siku hiyo. Wa Mutoa alijibu wa mwisho. Alimwona Jovial akitua saa mbili asubuhi na mtumbwi wenye moteri kubwa, akaibeba na shemeji yake hadi ndani ya nyumba. Alidhani ni kazi ya kamati, maana si ndiye mlinzi wa boti?

Émérence alimpigia huyo mama mwenyewe na kumwuliza kwa nini hakusema tangu Jumatatu.

"Batu wote walikuwa wanasema daraja," alijibu. "Na hakuna muntu aliniuliza."

Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyejua ana kitu cha thamani. Inspekta aliandika maneno yao matatu kwenye ukurasa mmoja, na safari yote ikaonekana: kuondoka Kituku gizani, kwenda kukutana na mnunuzi wa ng'ambo, kugeuzwa na upepo, kutua Mutoa. Alimpigia mkuu wa kituo kidogo cha Mutoa, akampa jina la shemeji, akarudi ofisini haraka kuliko alivyotoka.

Jovial aliitwa saa saba na nusu, eti kuongeza saini moja. Alikuwa kijana mtanashati, mwenye salamu ndefu. Inspekta alimwuliza saa.

"Saa saba na dakika makumi tatu na tatu, Mama."

"Umetazama ku simu?"

"Ndiyo."

"Inasema kweli?"

"Inasema kweli kila siku."

"Basi Jumatatu ilikuwa inasema kweli vilevile," alisema Émérence, akaweka mbele yake ile picha ya skrini. "Tueleze ulikuwa pwani gani yenye saa ya Kigoma."

Jovial aliitazama picha. Akaanza kusema kwamba siku ile simu ilikuwa na hitilafu, akakumbuka alichokuwa amesema dakika hiyo hiyo, akairudisha simu mfukoni. Saa nane na dakika kumi Mutoa walipiga. Moteri ilikuwa chini ya nyavu za shemeji, na koti la mvua la njano lilikuwa hapo hapo juu yake. Katika hadithi yake, Jovial alikuwa amemvisha fundi koti lake yeye Jovial. Célestin ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kasho.

Walimtoa Moustapha. Inspekta alimwambia kwamba yuko huru, kwamba faili halitakwenda popote, na kwamba kosa ni la ofisi yake. Lilimwuma kulisema, akalisema. Moustapha alivaa mkanda wake, akatazama mlango uliokuwa wazi, akakaa kwenye kiti.

"Sitoke, Mama Inspekta. Batu kumi na saba walisema baliniona njiani. Nikitoka leo, bataniona kweli."

Célestin alitaka kumweleza kwamba polisi watatangaza, lakini Émérence alimnyamazisha. Wangetangaza nini, na nani aliyewahi kulala salama kwa tangazo la polisi? Walioweka jina la mtu huyu kinywani mwa mji ndio peke yao wangeweza kulitoa. Akamwita Papa Edouard kituoni, na mzee, aliyekuwa pia mkuu wa kundi, akaagiza humo kwa sauti: Jovial amekamatwa, moteri imepatikana Mutoa, na kila aliyerudisha ile tahadhari aseme sasa, kwa sauti yake, alichokiona yeye. Tahadhari hurudishwa upesi. Hili lilikwenda polepole, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuombwa jambo kama hilo.

Sauti ya kwanza ilikuja baada ya dakika saba. "Sikumuona Moustapha. Nilirudisha tu." Ya pili iliongeza pole. Ya tatu ililia. Moustapha alisikiliza zote, akizihesabu kwa vidole, bila kubadilika uso. Walipofika wamama kumi na watano, wale vijana wa Kituku waliokuwa wamesimama barabarani mbele ya kituo tangu asubuhi walikuwa wamekwisha kusikia kwenye simu zao na kuanza kuondoka, wawili wawili. Ilibaki sauti moja.

Mwanne alikuwa amerudi ndani ya chumba, ameshika simu yake. Alikuwa ameishika muda wote.

"Jumatatu ulisemea wapi?" Moustapha aliuliza. "Nilikuwa kitandani, sikusikia."

"Inje, nyuma ya jiko."

"Mbona inje?"

"Nilisema polepole. Sikutaka uamuke."

Moustapha aliinuka. Hakuwa na hasira usoni, na Inspekta angependelea hasira. Alichukua mkono wa mke wake uliokuwa na simu, akaupandisha hadi karibu na mdomo wa Mwanne, akangoja. Mwanne alisema kwamba hakumwona mume wake darajani, kwamba alikuwa amelala, kwamba yeye alijua na akarudisha. Alisema kwa nguvu, mpaka Jovial akasikia ndani ya kasho. Moustapha aliuachia mkono, akamshukuru Inspekta, akatoka kwenda nyumbani bila kumngoja mke wake.

Mwanne alimwuliza Inspekta kama angeweza kukaa hapo ofisini kidogo zaidi. Émérence alimvutia kiti.